Gari la Mbio Mbele ya Jeneza

Jumamosi rafiki yangu alinipakia katika gari lake la mbio, kuukuu, la milango miwili, analolitengeneza mwenyewe uani kwake Kasese. Ameng'oa hata sailensa ya ekzosi ili lingurume. "Hii gari fundi haigusi," alijisifu njia nzima.

Karibu na Bwera tukakuta watu wamebeba jeneza. Huku kwetu, ukikutana na msiba unaegesha na kuzima injini mpaka marehemu apite. Tukaegesha. Injini ikaendelea kunguruma.

"Zima!" nikamwambia.

"Nikizima haiwaki. Stata nilifunga mwenyewe."

Bibi mmoja akatoka kwenye msafara, akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayebembeleza mtoto anayelia. Rafiki yangu akazima, macho chini.

Marehemu alipokwisha kupita, ufunguo ukatoa mlio mdogo tu. Kina mama waliokuwa nyuma ya msafara wakajifunga leso viunoni, wakasukuma. Mmoja akawahimiza wenzake, wala hakuwa anatania: "Tusukume, bamama. Hata hawa beko na maiti yabo," yaani nasi tulikuwa na maiti yetu: gari.

Gari likawaka, likawangurumia usoni. Hatukuthubutu kusimama kushukuru, lingezimika tena. Basi, kina mama wa Bwera, asanteni. Nasema kwa sauti ya chini.