Kura ya Dada Sifuri

Katika ofisi za jiji letu, ukimtaka mtu yeyote, kuanzia meya mpaka fundi wa mabomba, ulipiga sifuri kwanza. Na ukipiga sifuri, aliyepokea ni yeye. Ndiyo maana tulimwita Dada Sifuri. Jina hilo alilipenda. "Humu ndani kuna wakubwa walio namba tisa na hawapokei simu," alikuwa akisema.

Alikuwa haoni. Surua ilimchukulia macho akiwa na miaka minne. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, mlango wa pili kutoka masjala nilikokuwa karani: meza, swichibodi kuukuu, kiti chenye mto, na daftari nene la namba lililoandikwa kwa nukta nundu, ambalo hakulifungua kwa sababu namba zote zilikuwa kichwani. Kwa miaka ishirini na mitatu alilisikiliza jiji likilalamika. Bomba limepasuka, taka hazijazolewa, taa ya barabarani imekufa. Alijua mtaa uliokosa maji kabla idara ya maji haijajua.

Basi mwaka ule meya alimaliza vipindi vyake viwili akasema anakwenda kupumzika. Kiti kikabaki wazi, na jiji zima likapagawa. Wagombea kumi na mmoja! Kuta zote zilijaa sura zao. Dada Sifuri hakuona hata bango moja, lakini saba kati ya hao walikuwa wamepita kwenye simu yake kwa miaka mingi.

"Huyu anasalimia," aliniambia tukinywa chai. "Yule hajawahi kunisalimia tangu nimjue, ananitajia namba kama anasoma tiketi. Na yule mwingine, kila nikimpelekea mlalamikaji, simu inarudi kwangu baada ya dakika moja."

"Kwa hiyo utampa nani?"

"Safari hii nataka iwe siri yangu," akasema, na sauti yake ikabadilika.

Ndipo akanisimulia. Uchaguzi uliopita aliingia kituoni na shemeji yake, mume wa dada yake, dereva wa lori na mtu wa utani usioisha. Mtu asiyeona alitakiwa kwenda na msaidizi. Alimnong'oneza jina, shemeji akatia alama, wakatoka. Wiki chache baadaye, mezani, mbele ya wageni, shemeji akacheka: "Yule wako asingeshinda hata kwa dawa! Nilikuwekea wa kwetu, kura yako isipotee bure."

"Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao," Dada Sifuri alisema. "Nilipofika kwangu nilikaa kitandani na koti mwilini mpaka asubuhi."

Juma lililofuata aliomba ruhusa ya nusu siku, akashika fimbo yake, akaenda ofisi ya uchaguzi. Msimamizi alimpokea vizuri, akamvutia kiti.

"Mama, kila asiyeona ana haki ya msaidizi. Utaratibu upo."

"Msaidizi ninaye, baba. Siri ndiyo sina."

Msimamizi akakohoa. Akasema wagombea ni wengi, karatasi ni ndefu, siku zimebaki chache. Labda uchaguzi ujao. Dada Sifuri akamshukuru, akaomba karatasi moja ya mfano, ile ya kufundishia wapiga kura. Akapewa, nadhani ili aondoke.

Jioni hiyohiyo alikuwa kwa dada yake, fundi cherehani. Dada yake akaweka karatasi ya mfano juu ya jalada gumu la faili, akapima kwa futi yake, akakata kwa wembe madirisha kumi na moja, kila moja mkabala na kisanduku cha mgombea mmoja. Pembeni mwa kila dirisha Dada Sifuri akatoboa namba kwa nukta nundu. Shemeji alikuwa sebuleni akiuliza wanashona nini. Wakaendelea kukata na kutoboa.

Kisha akafanya kile alichokijua kuliko mtu yeyote mjini. Alichukua simu yake mwenyewe, akawapigia wasioona wenzake aliosoma nao, aliofanya nao kazi, na wale aliowajua kwa sauti tu. Aliwaomba jambo moja: kila mmoja apige ofisi ya uchaguzi na kuuliza, kwa heshima zote, "Naomba kujua, nitapigaje kura yangu peke yangu?"

Siku tatu simu ya ofisi ile haikupumua. Siku ya nne, swichibodi yetu ikalia.

"Dada Sifuri?" Alikuwa msimamizi. "Nakuomba, wapumzishe watu wako. Njoo na hicho unachotaka kunionyesha."

Nilimsindikiza siku hiyo, kwa hiyo hili nililiona mwenyewe. Aliingiza karatasi ndani ya jalada, akaisukuma mezani mbele ya msimamizi na wajumbe wake wanne.

"Fumba macho, baba. Usichungulie. Mchague namba saba."

Msimamizi akacheka kidogo, akafumba. Hakujua nukta, kwa hiyo alihesabu madirisha kwa kidole kutoka juu, midomo ikichezacheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Akatia alama. Alipofumbua macho, alama ilikuwa katikati ya kisanduku cha saba. Akaitazama muda mrefu.

"Vituo viko mia nne," akasema mjumbe mmoja.

"Basi tunahitaji majalada mia nne," msimamizi akajibu, na mabishano yakaishia hapo.

Siku ya uchaguzi shemeji alikuja na suti, tayari kwa kazi. Dada Sifuri alimpa mkoba wake amshikie.

"Leo utanisubiri nje, shemeji."

"Nje? Ukikosea je?"

"Nikikosea, nitakuwa nimekosea mimi."

Akaingia. Kupitia mlango uliokuwa wazi, mimi na shemeji tulimwona karani akimkabidhi karatasi ndani ya jalada lake, naye akaenda kwenye kibanda akijiongoza kwa fimbo, peke yake. Alikaa mle ndani muda mrefu kuliko watu wote, baadaye akaniambia kwamba kutia alama kulichukua nusu dakika tu, muda uliobaki alikuwa amesimama tu, amefurahi. Akatoka na karatasi iliyokunjwa, akapapasa mdomo wa sanduku, akaidumbukiza. Aliinamisha sikio akaisikia ikiangukia zingine. Kisha akatoka nje amenyoosha shingo kama aliyeapishwa yeye kuwa meya, na watu kwenye foleni wakapiga makofi bila kuambiwa.

Matokeo yalitangazwa baada ya siku mbili. Mshindi alimpita wa pili kwa kura mia tatu na kumi na mbili, katika jiji lenye wapiga kura mamia ya maelfu. Mitaa ikalipuka kwa honi. Lakini simu aliyoisubiri Dada Sifuri ilikuwa ya msimamizi.

"Majalada yametumiwa na watu mia sita na arobaini," alisema. "Hakuna hata mmoja wao aliyehitaji msaidizi kibandani."

"Rudia, baba."

Akarudia. Dada Sifuri akavua vipokea sauti, akapiga kelele zilizotufanya wa masjala wote tukimbilie chini ya ngazi tukidhani kuna moto. Tulimkuta anacheza, kiti kimepinduka, taa za swichibodi zinawaka zote.

Jumapili shemeji alimwomba msamaha, mezani palepale, na safari hii hakutania. "Nilikukosea, shemeji."

"Ulinikosea sana," akasema, akamshika mkono. "Yamekwisha."

Shemeji akashusha pumzi. Akasogeza kiti karibu.

"Sasa niambie mimi tu. Ulimpa nani?"

Dada Sifuri alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza. Mimi mwenyewe nimemuuliza mara mbili tangu hapo, na nilichopata ni kicheko hichohicho.