Mafuta Meusi kwenye Jani la Mgomba

Kazi yangu ilikuwa mawese. Mama alinifundisha kuyakamua kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe, na kabla ya kujaza chupa alinitaka nisugue tone moja kati ya vidole, nimwambie kama lina mchanga. Nikikosea, nachuja upya. Basi nilipoolewa na shofa wa lori hapo Kindu, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, sikudhani vidole vyangu vingekuwa na kazi yoyote katika mambo ya magari. Magari yalikuwa ya wanaume. Sisi wanawake wa kambi ya wafanyakazi tulikatazwa hata kuyaegemea.

Mume wangu alikuwa akivuka mto na lori tupu, akirudi kutoka Pangi na magunia ya mpunga ya kupakiwa kwenye treni. Safari moja, mlimani, maji ya injini yalichemka, naye kwa papara zake akafungua kifuniko kwa mikono yote miwili bila hata kitambaa. Mvuke ukambabua vidole vyote. Baada ya wiki kadhaa ngozi ilirudi. Nilimtania kwamba sasa ana vidole vya bibi harusi. Hakucheka.

Jumamosi moja alirudi kutoka garaji na jani la mgomba mkononi, ndani yake mafuta meusi ya injini. Akakaa nyuma ya nyumba akiyasugua, akisugua tena, uso umemkunjamana. Nilimuuliza mpaka akachoka kunificha. Garaji walikuwa na kitabu kilichosema mafuta ya lori yabadilishwe baada ya kilomita ngapi. Lakini kitabu kiliandikwa kwa barabara za kwao wazungu, na shofa wote walijua kwamba wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Pangi huingia kila mahali, hata kwenye meno. Kwa hiyo shofa mzuri aligusa mafuta mwenyewe, akajua kama yamechoka. Tena ilibidi ajue kwa hakika, maana aliyeomba mafuta mapya kabla ya siku ya kitabu alishukiwa kuwa anayauza. Na mume wangu hakuweza kujua tena. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, na mzungu wa garaji angepata habari, angemnyang'anya usukani siku hiyohiyo.

Nikamwambia anipe lile jani. Nilitarajia uchafu tu, kitu cha kunifanya nikunje pua. Kumbe yalikuwa laini kuliko mawese yoyote niliyowahi kukamua, yana joto bado, na niliposugua polepole nikalisikia vumbi, jembamba, lile lile tunalofagia barazani kila asubuhi. Nilistaajabu mpaka nikasahau sufuria motoni. Lile dude kubwa lililokuwa likipita na kutikisa kuta zetu lilikuwa na tumbo, na kilichomo tumboni nilikuwa nakigusa mimi, mwanamke ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti chake. Wali uliungua, na sikuomba radhi.

Tangu hapo, kila safari aliniletea jani. Nikisema bado, anasubiri. Nikisema yatolewe, anakwenda kuomba, na kila mara yalipomwagwa yalikuwa machafu kweli, hakuna wa kumnyooshea kidole. Polepole tukapata kipimo chetu: masika mafuta yalifika siku ya kitabu bila shida, kiangazi yalichoka kabla ya nusu ya njia. Nilivimba kichwa. Nilikuwa namuuliza wakati wa kula shofa wa nyumba hii ni nani.

Halafu ikaja Jumamosi niliyoacha kutania. Mafuta yalikuwa na safari mbili tu. Niliyagusa nikijua nitasema bado, na kitu kikanichoma. Vumbi halichomi. Nikanyoosha kidole juani, nikaona cheche ndogo.

“Baba, ii haiko muchanga,” nikamwambia. “Iko chuma. Moteri inajikula.”

Akatazama kidole changu, kisha jua, kisha kidole changu tena. “Uko na hakika?”

Nilikuwa na hakika, na nilikuwa na hofu, maana kosa lingekuwa langu na adhabu yake.

Jumatatu alikataa kuondoka kwenda Pangi kabla mafuta hayajatolewa. Nilikuwa langoni mwa garaji na beseni langu la chupa za mawese, kama wanawake wengine, nikaona yote. Mzungu wa garaji alisoma kitabu chake, akauliza mafuta ya juzijuzi yana ubaya gani. Akasema yatatolewa hapo mbele ya watu, na yakionekana mazima, mume wangu aache kazi na tuhame kambi kabla ya jua kuzama. Mume wangu hakugeuka kunitazama. Niliwaza vyungu vyangu, na nani atanisaidia kuvibeba.

Wakayamwaga kupitia kitambaa cheupe, kitambaa kikawa cheusi. Mzungu akakisuuza kwa petroli, akakitandaza juani. Kiling'aa kote, punje kwa punje. Walipoifungua injini kwa chini wakakuta pete moja ya chuma imelika upande mmoja, imebaki nyembamba kama ganda la yai. Lori lisingefika Pangi.

Mzungu akamuuliza alijuaje. Mume wangu akaitazama mikono yake. “Niligusa, Bwana,” akasema.

Nilijua atasema hivyo, na mimi mwenyewe ningemkataza kusema vingine. Iliniuma hata hivyo. Mzungu akachukua kalamu, akaandika kwenye kitabu, kando ya zile kilomita, kwamba shofa huyu akiomba mafuta apewe, asiulizwe. Wenzake walimpiga mabegani. Mimi nikauza chupa zangu zilizobaki.

Mchana alirudi nyumbani, akanitajia kwa moyo maneno yale ya kitabuni, yote, kisha akayarudia. Nilikuwa nimemkasirikia bado, bila sababu ya kumwambia. Akatoka nyuma, nikamsikia akichochea moto. Akaja na maji kwenye bakuli, majivu na kipande cha sabuni, akapiga magoti mbele yangu, mchana kweupe, majirani wakipita. Sijawahi kuona mwanamume wa kambi ile akifanya hivyo, kabla wala baada. Akashika mikono yangu yenye weusi wa injini chini ya kucha, akaitumbukiza majini, akaanza kuosha kidole kimoja kimoja.

Halafu akaacha kuosha, akaniuliza kwa sauti ya chini:

“Mama, maji haiko moto sana? Miye siwezi kujua.”