Mtazamaji Asiyeuliza Swali

Nimechoka, lakini acheni niseme. Kila jioni hapa mtaani Iftin nafundisha fizikia mtandaoni, ukurasa kwa ukurasa wa kitabu cha kidato cha tatu. Mtazamaji mmoja asiye na jina wala picha hakukosa kipindi, na hakuuliza swali hata siku moja. Kwa kuwa nilikuwa nimeomba kazi ya ualimu, nikajiaminisha kuwa huyo ni mkaguzi anayenichunguza. Nikaanza kufunga tai kwenye joto hili na kurudia kila hesabu mara mbili. Jana nikashindwa kuvumilia.

"Mheshimiwa mkaguzi, una maoni?"

Sauti ikatoka, wanafunzi wote wakisikia.

"Mkaguzi gani, hooyo, mwanangu? Ni mama yako, niko Wajir. Hiyo hesabu mimi sijui. Nafungua nione kama unakula. Na umekonda, wallahi."