Sentimita Mbili za Mkunjo

Saa kumi na robo jioni, Jumamosi moja ya Agosti, msichana niliyekuwa nikimsaidia hisabati alifika kwenye kibanda changu cha kutengeneza masanduku ya bati, Kawangware. Alikuwa kidato cha nne na alikuwa ametembea kutoka Kibera na karatasi ya mtihani wa majaribio. Alama thelathini na tano. Mamake, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Kisumu Ndogo, Kibera, alikuwa amesema akikosa arubaini hatarudi shule. Ataenda kujifunza ushonaji.

“Fundi, umenichoma,” alisema, akanionyesha swali la kalkulasi.

Bati la mraba, upande sentimita sitini. Kata mraba katika kila pembe, ukunje, upate sanduku wazi lenye ujazo mkubwa kabisa. Jibu ni kukata sentimita kumi. Yeye aliandika tisa na thuluthi mbili. Hatua zake zote zilikuwa sawa, ila alianza na hamsini na nane. Kalkulasi nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha mtumba na vipande vya bati, na fundi yeyote huacha sentimita moja kila upande ya kukunja ukingo, bati lisimkate mtu. Nilimfundisha hivyo bila kufikiri. Mwalimu wake alimpa sufuri kati ya nane.

Nilibeba bati na mkasi, tukaenda kwa mamake. Mbele ya wateja nilitengeneza sanduku la mtahini na sanduku langu. Mamake alipitisha kidole kwenye kingo za yote mawili.

“Kwa hivyo mtoto wangu ameangushwa na huu mkunjo?”

“Ameangushwa na mimi, mama. Mtihani hauna vidole, hauogopi kukatwa.”

“Na unajiita mwalimu.”

Wateja walicheka. Nilimwomba binti alifanye swali upya, palepale, kwenye gazeti la kufungia omena. Alianza na sitini. Akatafuta kasi ya badiliko la ujazo, akaifanya iwe sawa na sufuri, akapata kumi. Hakufuta kitu.

Mamake alijumlisha mwenyewe. “Thelathini na tano na nane, arubaini na tatu. Shule zikifunguliwa utarudi. Na huyu fundi wako akitaja mkunjo, ziba masikio.”

Tatizo ni kwamba mama alikuwa ameshatoa arbuni ya cherehani, na muuzaji alikataa kuirudisha. Nilitaka kuilipa mimi, mama naye akakataa. Hasara yote ilikuwa shilingi mia sita.