Kona Zilizonifanya Nimwite Hadija Mwizi

Jamani, hasira zangu zimeniaibisha Garsen nzima.

Pale kwenye kibanda cha michezo cha Bakari tunachezea gemu ya magari kwa usukani na pedali, na kila ukipita kona kompyuta inakuchorea mistari: mwekundu ni breki, wa kijani ni mafuta. Mshindi wa Jumamosi ndiye angetuwakilisha Malindi. Mimi nilishajiona dereva wa dunia.

Hadija wa Minjila akanishinda. Kila kona gari langu lilikuwa zito kama lori la mchanga. Nikaangalia mistari yangu, damu ikachemka: mwekundu na wa kijani ilikuwa inapanda pamoja. Yaani nikikanyaga mafuta, breki inajishika yenyewe.

"Wewe ni mwizi," nikamwambia mbele ya watu. "Umeharibu pedali."

"Si ndizo nilizochezea mimi pia, kaka?"

"Usinifanye mjinga. Breki sikuigusa."

Macho yake yakalengwa na machozi, nami badala ya kunyamaza nikazidi kubwata, nikipiga meza, nikitaka mchezo urudiwe.

Bakari akainama kutazama miguu yangu.

"Hizi akala pana hivi ulikatiwa kutoka tairi la trekta?" akauliza. "Mwenzako amecheza pekupeku. Hebu kanyaga mafuta."

Nikakanyaga kwa hasira, niwaonyeshe. Ukingo wa akala yangu ukalala juu ya breki, na kwenye skrini, kibanda kizima kikitazama, mistari yote miwili ikapanda.