Homa Iliyomzuia Kaka

Lori lililopinduka kwenye njia ya mgodi wa Kinsevere lilipaswa kuendeshwa na kaka yangu. Aliyekuwa kwenye usukani ni jirani yetu, na tangu siku hiyo amelala hospitalini bila fahamu.

Asubuhi ile kaka aliamka na malaria, akitetemeka hata kikombe hakikushikika. Jirani, dereva mwenzake, alipita kumchukua kama kawaida. Alimtazama akacheka. "Yaya," alimwambia, maana kaka ndiye mkubwa, "weye leo utapeleka lori mu pori. Lala, nitabeba zamu yako." Mvua ilikuwa imenyesha. Zaidi ya hapo sijui. Nimewauliza madereva waliokuwa nyuma yake, na kila mmoja anasimulia lake.

Jumamosi iliyofuata kikundi chetu cha maombi kilikuja nyumbani, mtaani Kamalondo, kuandaa misa ya shukrani. Sisi ni Wakatoliki tangu enzi za babu aliyeletwa mjini na kazi ya reli, na kikundini mtu aliyenusurika hatari husimama mbele ya wenzake kutoa ushuhuda. Kiongozi, fundi cherehani mwenye sauti nzito, hakuwa na shaka.

"Papa, ile homa ndio Mungu aliileta," alimwambia kaka, akimwita baba kwa heshima.

"Basi tumuwashie ule mbu mushumaa," kaka alisema.

Watu walicheka. Kiongozi hakucheka. "Hapana kucheza. Muntu akificha neema, Mungu anaweza kuibeba irudi kwake."

Nilimwona kaka akishika magoti yake. Jumatatu angerudi kazini, njia ile ile. Alikuwa ameniambia kinachomtisha: akishukuru, atakuwa amekubali kwamba Mungu alimtoa rafiki yake badala yake; asiposhukuru, atamkasirisha huyo huyo anayechagua nani apone. Niliogopa pamoja naye. Maisha yangu yote nimesema "Mungu amependa", kana kwamba nasoma tangazo lililotoka ofisini kwake. Sasa nilijiuliza ni nani kati yetu aliyewahi kuingia humo.

Ndipo mke wa jirani akatokea mlangoni. Nilidhani amekuja kutulaani.

"Mama, karibu, ikala," kiongozi alisema, akimsogezea kiti.

"Hapana. Sina wakati." Alimgeukia kaka. "Shemeji, banasema Mungu anakuchunga weye."

Kaka aliinuka kitini.

"Alors, basi, weye ndio anakusikia. Tuende umuombee bwana yangu. Mi nimeomba mpaka sauti imeisha."

"Amina!" kiongozi aliitikia kwa furaha.

"Na kama hataamka?" kaka aliuliza. Alimwuliza yule mama, lakini kiongozi ndiye aliyewahi:

"Ataamka! Mungu hakukuacha bure."

Yule mama aliitikia kwa kichwa. Tayari alikuwa amemshika kaka mkono.

Hospitalini nesi aliruhusu watu watatu tu: mke wa jirani, kaka na mimi. Kichwa cha jirani kilikuwa kimezungushwa bendeji, na uso umevimba hata nisingemtambua. Mkewe alipiga magoti, akafumba macho, akasubiri. Kaka aliweka kiganja juu ya kifua cha rafiki yake. Nje, chini ya dirisha, kikundi kilikuwa kimeshaanza nyimbo za shangwe.

Kaka alinitazama. Midomo yake ilikuwa haijafunguka kwa sala.