Beki wa Kulia Asiyeachiwa

Watu wa timu yetu ya Ibra, huku Oman, wakianza kuhesabu mabadilishano makubwa, huanza na kipa aliyetoka Sur. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tuliwapa winga wa kushoto, kijana mwenye mbio ambaye krosi zake zote ziliishia nyuma ya goli, nao wakatupa kipa mwenye viganja kama sinia. Watu wa Sur walilalamika kuwa tumewaibia. Kisha winga yule akajifunza krosi hukohuko, akaja kututesa uwanjani kwetu, tukasema wao ndio wezi.

Baadaye wakaja ndugu wawili wa Mudhaibi. Tulimtaka mkubwa, mshambuliaji wa kati. Mama yao akakataa kumtoa bila mdogo wake, kwa sababu gari lilikuwa la mdogo. Tukawachukua wote. Mkubwa aliumia goti msimu uleule akaacha mpira. Mdogo, aliyekuja kama dereva, ndiye kiungo ambaye mpaka leo hatujapata mfano wake. Alicheza kama mtu anayepanga vyombo kabatini: hakuna kilichogongana, hakuna kilichoanguka.

Badilishano langu mimi halimo katika hesabu hiyo, maana halikutimia.

Nilikuwa nimepata kazi Nizwa, kutengeneza pampu za maji, nikahamia Birkat al Mauz, jirani na hapo, na mke wangu. Timu ya hapo ilinitaka. Lakini sharti la timu za mitaa lilikuwa moja: mchezaji ni wa timu yake mpaka imwachie, na asiyeachiwa hachezi kwingine. Basi kila Alhamisi niliendesha gari mpaka Ibra, nikakaa benchi, nikarudi. Kapteni alisema asiyefanya mazoezi na wenzake hawezi kupangwa. Alisema kweli. Ila asiyepangwa hakuachiwa vilevile. Nilikuwa nimevuka thelathini, na miguu ya beki wa pembeni haina akiba. Nilijua kwamba nisipohama msimu ule, nitakuwa nimemaliza mpira wangu nikiwa nimekaa.

Birkat wakajitolea kumtoa mshambuliaji kijana ili wanipate mimi. Lilikuwa badilishano zuri kwa Ibra, kila mtu alilijua hilo. Tatizo lilikuwa wazee wa mtaa, waliosema kuwa mtoto wa mtaa habadilishwi kama mbuzi.

Ikaamuliwa waende watu kuniombea. Walikuwa mwenyekiti wa timu ya Birkat, mtu wa makamo mwenye maneno machache, kapteni wao, na mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekaa Ibra na aliyekuwa mkubwa wetu wote kwa umri. Nami nilifuatana nao, lakini mtu hajisemei mwenyewe. Nilikaa karibu na mlango wa sabla, ukumbi wa mtaa ambamo hufanyika misiba, harusi na mashauri.

Mgeni mwenye haja, kwa desturi ya huku, akipewa kahawa hukiweka kikombe chini bila kukionja. Mwenyeji humwambia, kunywa. Yeye hujibu, sinywi mpaka nipewe nililolijia. Hapo mwenyeji amebanwa, kwa sababu kumrudisha mgeni na kahawa yake imepoa ni aibu ya mtaa mzima. Wa Birkat hawakumweleza mjomba. Kwao lilikuwa kama kumweleza mtu avue viatu. Na mjomba alitoka Unguja akiwa mtu mzima. Tangu aje Oman, haja zake zote alikuwa akizipeleka ofisini.

Tende zikapita. Dele la kahawa likaja. Kwa kuwa mjomba ndiye mkubwa wa wageni, kikombe cha kwanza akapewa yeye. Akakipokea kwa mkono wa kulia, akakinywa chote.

"Mashaallah," akasema. "Hii ndiyo kahawa. Hebu nitilie tena."

Nilimwona mwenyekiti wa Birkat akifumba macho. Hakuweza kuweka cha kwake chini baada ya mkubwa wake kunywa. Akanywa. Kapteni naye akanywa. Mjomba akaongeza cha tatu, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, ndipo akaanza kuniombea, kwa maneno mazuri na marefu.

"Tumewasikia, ya khal," akajibu mwenyekiti wetu wa Ibra, akimwita mjomba kwa Kiarabu. "Mmekuja kwenu, mmekunywa, ahlan wa sahlan. Huyu ni mtoto wetu, tutamtazama."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Yakaisha.

Tukapanda gari kumrudisha mjomba kwake.

"Umekunywa, ya khal!" kapteni wa Birkat akapasuka.

"Sasa niitazame? Kahawa yapoa, bwana! Kwetu sisi mtu akikutilia kahawa ukaiacha, umemtukana mamaake."

"Basi leo umemheshimu sana."

"Alhamdulillahi," mjomba akasema, akadhani ni sifa.

Alhamisi iliyofuata mwenyekiti wetu alinivuta kando ya uwanja.

"Mimi nilikuwa nishakata shauri kukuachia," aliniambia. "Nilichotaka ni mjomba wako akatae kunywa. Ningewaambia wazee, nifanye nini, wageni wamenifunga. Sasa niwaambie nini? Mtu kashiba kahawa."

"Tukija tena?"

"Kwa haja ileile? Mtachekwa nyinyi, na mimi nitachekwa zaidi."

Alikuwa amefungwa kama mimi, tofauti ni kwamba yeye aliweza kukaa kivulini. Nikarudi benchi.

Mshambuliaji yule wa Birkat alikwenda Sur, akawa mmoja wa wale wanaosimuliwa. Mimi niliendelea misimu miwili mingine. Mjomba alihudhuria kila mechi, akikaa nyuma ya benchi na chupa ya chai, akinipa moyo.

"Afadhali hawakukutoa, mwanangu. Birkat si timu. Hapa wanakuthamini, ndiyo maana hawakuachi."

"Kweli, mjomba," nilimjibu, kila alipolisema hilo, na nikanyoosha miguu ili isikakamae.